Jicho Langu la Kushoto na Bahari ya Kipupwe

Aliyegundua kwamba jicho langu la kushoto limeanza kuniacha ni mdogo wangu, ambaye yeye mwenyewe haoni kabisa. Ilikuwa asubuhi, tunapita Mtaa wa Kongo kwenda kufungua duka langu, yeye kanishika kiwiko cha kulia kama kawaida yetu. Nikamgonga mtu bega, nikaomba radhi. Hatua chache mbele nikapiga paja kwenye mkokoteni wa mahindi uliokuwa umesimama tuli, haujajificha popote. Mdogo wangu akacheka kwanza, kisha akasema, "Dada, siku hizi unagonga watu wa kushoto tu. Wa kulia unawakwepa."

Nilimjibu kwamba Kariakoo kila mtu anamgonga kila mtu, na asinianzie asubuhi yote hiyo. Lakini maneno yale nilikwenda nayo mpaka dukani. Macho yake yeye yaliondoka hivyo hivyo, kutoka pembeni kuja katikati, akiwa na miaka thelathini na kidogo, kwa ule ugonjwa ambao sisi huku tunauita presha ya macho. Hauumi wala hauwashi. Unakumega kidogo kidogo huku wewe unaendelea na biashara zako. Baba yetu naye alimaliza maisha yake akishikwa mkono, ingawa wakati ule tulisema ni uzee.

Nilikwenda hospitali. Daktari akanipima, akasema presha iko juu, hasa kushoto, akanipa dawa ya matone na kunitaka nirudi wiki inayofuata nipimwe kwa mashine, ijulikane ni sehemu gani ya kuona imeshaondoka. Matone nilitia. Kurudi sikurudi. Niliogopa, na sina neno jingine la kuweka hapo. Mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi. Fundi cherehani ananiletea kipande cha kitambaa, namtolea uzi wa rangi ile ile kwa kutupa jicho mara moja. Mtu wa namna hiyo unamwambia aende akaambiwe amebakiwa na macho kiasi gani. Nikajiambia nitakwenda Ramadhani ikiisha. Ramadhani ikaisha, nikajiambia ngoja kwanza shule zifunguliwe, maana hapo sare zinashonwa na duka halitulii.

Katika kuahirisha huko ndipo mdogo wangu alipokuja na habari ya triathloni.

Tangu macho yamzimikie amekuwa mtu wa michezo kwa namna inayonikera. Sisi wengine tukiona hatari tunakaa chini, yeye anatafuta pa kupandia. Alijifunza kuogelea kwenye bwawa moja la shule huko Upanga, na mimi niliyekuwa nampeleka na kukaa pembeni na mkoba nikajikuta nimetiwa majini na mwalimu wake kwa kutahayarishwa. Mwaka wa pili huo tulikuwa tunaogelea wote, mimi nikiwa mwoga wa daraja la kwanza, lakini sizami.

"Ni mashindano ya masafa ya kati," akanieleza siku hiyo dukani, anachezea pakiti ya vifungo. "Siyo yale mafupi, wala siyo yale ya wendawazimu. Unaogelea karibu kilomita mbili, unapanda baiskeli tisini, unakimbia ishirini na moja. Mfululizo."

"Na haya unayaita siyo ya wendawazimu?"

"Yanafanyika Kigamboni, kipupwe. Joto hakuna, kuna mawingu na upepo wa kusi. Hali ya hewa ya kistaarabu kabisa. Nataka mtu wa kuniongoza, na sheria inasema awe mwanamke mwenzangu."

"Si una mwalimu wako."

"Nikienda na mwalimu nitaogopa mimi. Nikienda na wewe utaogopa wewe, mimi nipumzike."

Nikamkumbusha jicho langu. Akasema jicho halina shida, yeye atakaa upande wa kulia, upande ninaouona, na kushoto tutamwachia Mungu. Alisema kwa wepesi kama mtu anayepanga nani akae dirishani. Nilitaka kukataa. Lakini kukataa kungekuwa kukiri kwamba jicho limekwisha, na wakati ule nilikuwa tayari kuzama kuliko kukiri. Nikasema sawa. Usiku wake sikula.

Baiskeli ilitengenezwa kwa mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani. Fundi mmoja alikata baiskeli mbili za kawaida, akaziunga kuwa moja ndefu yenye viti viwili, usukani mbele na mishikio nyuma. Nikamuuliza kama maungio yatahimili.

"Sister, hii haikatiki," akasema, akipanda juu yake kwa miguu yote miwili kunionyesha. "Mtakatika nyie kwanza."

Ndiyo faraja niliyoipata kwake. Kila Jumapili alfajiri tuliiburuza mpaka Magogoni, tukavuka nayo kwa pantoni, na kila Jumapili palikuwa na mtu wa kusema, "Aisee, hiyo baiskeli au gari moshi?" Mdogo wangu alikuwa anajibu. Mimi nilikuwa natazama maji yanayopita chini yetu na kufikiri kwamba hayo hayo ndiyo nitakayoingia kwa miguu yangu.

Mwalimu wetu wa kuogelea alikuwa binti mdogo wa kutoka Kusini, aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Mdogo wangu alimweleza habari ya jicho langu mbele yangu, bila kunikonyeza wala kuniomba ruhusa. Mwalimu akasema tutaweka mtumbwi wa waokoaji ukae karibu nasi, na akaanza kutuandaa kwa yale tutakayokutana nayo. Kila alichosema kilinizidishia hofu, na nadhani alikuwa amekusudia hivyo.

"Nyinyi watu wa Pwani mkisikia hakuna joto mnafurahi," alisema. "Kipupwe kitawadanganya. Maji ya msimu huu ndiyo ya baridi kuliko yote ya mwaka. Wazungu wanayaona vuguvugu, nyinyi mtayaona barafu. Mkiingia tu pumzi itakatika. Msipambane nayo, toeni hewa ndani ya maji, itarudi. Kwenye baiskeli upepo utawakausha jasho, mtadhani hamtoki jasho. Hamtasikia kiu. Mnywe hivyo hivyo, na mle chumvi. Wanaoanguka kwenye kukimbia ni wale waliojisikia vizuri kwenye baiskeli."

Nilishika yote. Niliyarudia dukani nikihesabu zipu. Mimi ni mtu wa kuona mabaya kabla hayajafika, na hapa nilikuwa nimepewa mabaya kwa mpangilio, tangu asubuhi hadi mchana.

Majini tulikuwa tunafungwa pamoja. Mwongozaji na anayeongozwa wanavaa kitanzi pajani kila mmoja, na kati yao inapita kamba fupi inayovutika. Sisi tulitumia mpira wa tyubu ya baiskeli, ule uliochanwa ukawa utepe, ambao wabeba mizigo wa Kariakoo wanafungia kila kitu kuanzia majora ya vitambaa hadi friji. Unavutika, unang'ata, hauachii. Mwalimu aliufunga mwenyewe kila tulipofanya mazoezi, na haukuwahi kufunguka.

Siku yenyewe mama alikuja. Tulimwomba abaki nyumbani, akasema hawezi kukaa Kariakoo akisubiri kuletewa maiti mbili. Alivuka na pantoni ya kwanza, amevaa baibui lake na juu yake kanga mbili, na ndani ya kanga amefunga chupa. Tulimkuta kwenye hema la wanawake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vueni."

Ndani ya chupa kulikuwa na mafuta ya nazi aliyoyachemsha na karafuu na kitunguu saumu. Kwa mama yetu kusi si upepo tu. Ni adui anayeingia kupitia viungo na kukaa kifuani, na tangu utotoni hakuna kipupwe kilichopita bila sisi kupakwa mafuta hayo. Maji ya baridi pamoja na upepo wa baridi, alisema, tutapata kichomi sote wawili, na nani atamuuguza nani. Akatupaka kuanzia shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu, akisugua magoti kwa dole gumba. Tukavaa nguo zetu za kuogelea za stara, zile za mikono mirefu na suruali, juu ya mafuta. Tukanukia pilau. Mdogo wangu alisema papa wakitujia watakuwa wanatafuta kachumbari, na mama akampiga kofi dogo la mgongo.

Mwalimu alikuwa ameitwa kwa waandaaji. Nikachukua ule mpira nianze kufunga. Mama akaninyang'anya.

"Wewe unafunga kama unafunga mzigo wa mtu mwingine. Leta."

Akafunga yeye, pajani kwangu, pajani kwa mdogo wangu, fundo juu ya fundo, huku akisoma dua kwa sauti ya chini, mikono yake ikimeremeta mafuta mpaka kwenye viwiko. Mkazi yeyote wa Kariakoo anajua kwamba mpira wa tyubu haugusani na mafuta. Ukipata mafuta unateleza na fundo linajifungua lenyewe. Mimi nalijua hilo tangu nina akili. Lakini nilikuwa natazama uso wa mama, na uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu, na sikuona mikono.

"Umemtoa kwangu mzima," akaniambia alipomaliza. "Nirudishie mzima."

Hakuniambia nirudi mzima na mimi. Najua hakumaanisha vibaya. Lakini neno lile liliniingia baridi kuliko kusi.

Anga lilikuwa la kijivu, upepo wa wastani, kila mtu anasema siku nzuri ajabu. Tukaingia majini nyuma ya kundi. Pumzi ikakatika kama tulivyoambiwa, nikatoa hewa ndani ya maji, ikarudi nusu. Mbele yetu yalikuwa maboya ya rangi ya chungwa, na kazi yangu ilikuwa kunyanyua kichwa kila baada ya muda, kuyaona, na kumrekebisha mdogo wangu kwa kumvuta kidogo kwa paja. Miwani ya kuogelea ilinipunguzia hata kile kilichobaki. Kulia nilimwona yeye, mkono unatoka, unaingia, kichwa kinageuka. Kushoto sikuona kitu, na bahari ilikuwa inakuja kutoka huko. Mawimbi madogo ya kusi yalikuwa yananipiga shavuni bila kunipa taarifa, nikawa nameza chumvi na kuomba Mungu kimoyomoyo kwa maneno yasiyo na mpango.

Baada ya boya la pili nikaanza kutulia. Niliona hata raha, raha ya uoga, ile ya mtu anayefikiri jambo baya limemsahau. Nikanyanyua kichwa kutafuta boya la tatu. Nililitafuta kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nikaliona, nikamvuta mdogo wangu kwa paja ili tukate kona. Paja langu likaenda jepesi. Hakukuwa na mtu upande wa pili.

Nikageuka kulia. Hayupo. Ule utepe wa mpira ulikuwa unaelea nyuma ya mguu wangu, mweusi, hauna kitu mwishoni. Nikazunguka. Nikaona vichwa viwili mbali mbele, si yeye. Nikaona mtumbwi wetu umekwenda kumshika mtu aliyebanwa na misuli. Nikazunguka tena. Kila nilipogeuka, upande wangu wa kushoto ulikuja na kipande chake kisicho na kitu, nikajua kabisa kwamba huko ndiko aliko, ndani ya kile kipande, na kwamba hata akiwa umbali wa mkono nitampita. Nilimwita. Nilimwita kwa jina la utotoni ambalo yeye hapendi. Akiogelea masikio yake yamo majini, hasikii. Nikamwona mama pwani na kanga zake mbili. Hofu niliyoisikia hapo sijawahi kuisikia kabla, ilinipanda kutoka miguuni na ilikuwa na ladha, ladha ya shaba mdomoni.

Na hapo neno likanitoka ambalo nilikuwa sijalitoa kwa daktari, wala kwa mama, wala kwangu mwenyewe.

"Sioni!" nikapiga kelele. "Mdogo wangu, mimi sioni! Sikuoni!"

Nililisema mara nyingi. Nililia nalo.

"Nipo huku," sauti ikasema. "Nyuma yako. Dada, acha kuzunguka, unanipoteza."

Alikuwa amesikia kamba imelegea kabla yangu, akasimama, akageuka chali na kungoja. Hakuwa na wasiwasi kuhusu yeye. Alikuwa anajiuliza mimi nimekwenda wapi.

"Piga maji kwa kiganja," akasema. "Nije."

Nikapiga maji kwa kiganja, pa, pa, pa, kama mtoto kwenye beseni. Sikumwona mpaka mkono wake uliponigusa bega, la kushoto. Akanishika nguo akaning'ang'ania, na miguu yetu ikagongana chini. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na mimi kwa mengine.

"Mama katupaka mafuta mpaka kwenye kamba," nikasema, meno yakigongana.

Akaanza kucheka. Nikamwambia akicheka nitamwacha huko huko, akazidi kucheka, akameza maji, akakohoa. Fundo halikukubali kufungwa tena, lilikuwa linateleza kama utumbo, basi akauzungusha ule utepe mara nyingi kwenye kiganja chake na kuufumbata ngumi. Akaogelea hivyo, ngumi moja imekunjwa. Mtumbwi ukaturudia, na sikuuacha tena utoke kwenye jicho langu la kulia.

Pwani mwalimu alitupokea, akainama kufungua vitanzi, akanusa vidole vyake. Akatuuliza nani katupaka mafuta. Mama alikuwa amesimama hapo hapo na chupa yake, ameridhika, anasema mmeona, hamkupata kichomi. Mwalimu akamtazama yule mzee, akatutazama sisi. "Wamependeza, mama," akasema, na akachota mchanga akatusugua mafuta mapajani.

Mama hajui mpaka leo, na nawaomba msimwambie.

Mngedhani baada ya hapo hofu ingekuwa imekwisha. Mimi pia nilidhani. Nilipanda baiskeli, mdogo wangu nyuma yangu, na kilomita zote tisini zikawa mbele yetu. Ile barabara ya kusini ya Kigamboni tulikuwa tunaijua, lakini siku ile nilikuwa nimeshasema lile neno, na lilikuwa limekaa nasi kama abiria wa tatu. Kwetu baiskeli zinakaa kushoto. Kushoto ndiko kwenye mchanga, mbuzi, kuku, na kingo za lami zilizoliwa. Kwenda tulipambana na upepo usoni, tukanyonga pedeli bila kuongea. Mara mbili nilipotea pembeni bila kujua, na mara zote aliyeniambia ni yeye.

"Mchanga, dada. Rudi ndani."

"Umejuaje?"

"Matako yangu ndiyo yaliyo juu ya gurudumu."

Tulikula tende na kashata za karanga, tukanywa maji yenye ndimu na chumvi. Au tuseme yeye alikunywa. Hewa ilikuwa nzuri, mawingu yametanda, ngozi kavu, sikuhisi kiu hata kidogo, na mikono yangu haikutaka kuachia usukani. Kila nilipofikiria kunyoosha mkono kwenye chupa nilifikiria kuku. Kurudi upepo ukatusukuma, tukaenda kasi mpaka nikamwambia aache kunyonga pedeli, akasema ameacha zamani. Nilishika breki mteremko mzima. Watu wa pembeni walikuwa wanashangilia, na mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Maskini, yule wa nyuma kipofu." Nikataka kusimama nikamuulize wa mbele je, anamjua?

Kwenye kukimbia nililipia. Mpira tuliuacha, tukashika kipande cha kanga, ncha moja mimi, nyingine yeye. Kilomita za kwanza zilipita. Kisha mawingu yakafunguka kidogo tu, jua likatoka, jua la kipupwe lisilo na ukali wowote, na miguu yangu ikakataa. Misuli ya nyuma ya mapaja ilijikunja ikawa mawe. Nilipojifuta uso kiganja kilijaa chumvi kavu, jasho lote ambalo upepo ulikuwa umeniibia tangu asubuhi. Nilisimama nimeinama. Mbele yangu barabara iliyumba, na pale pale wazo likanijia kwamba huko kuyumba si uchovu, ni jicho la pili nalo limeanza. Nikafumba macho yote nisione. Nikakaa hivyo, katikati ya barabara, nimeshika kipande cha kanga.

"Dada, una nini?"

"Naogopa."

"Bado?"

"Nitaogopa tu. Wewe hukuogopa, yalipokuwa yanakutoka?"

Alikuwa anapumua kwa nguvu, anakunja na kukunjua ncha yake ya kanga. "Niliogopa mpaka nikawa natapika," akasema. "Wewe ulikuwa unadhani ni mimba. Kilichoniumiza zaidi ni zile siku nilizokuwa najifanya naona. Nilichoka sana, dada. Kunywa maji."

Aliniwekea chupa mkononi na chumvi kwenye kiganja, nikalamba kama ng'ombe. Tukatembea, tukakimbia, tukatembea. Sheria inasema mwongozaji asitangulie kuvuka mstari wa mwisho, basi tulipoufikia nilipunguza mwendo, naye akauvuka kabla yangu kwa kifua. Wengi walikuwa wameshaondoka. Mama alimpapasa mdogo wangu uso, mikono, mbavu, kama mtu anayekagua jora la kitambaa kabla ya kulipa. Akamaliza, akanigeukia, akanipapasa na mimi.

Wiki iliyofuata nilifunga duka siku moja, shule ziko karibu kufunguliwa na mafundi wananipigia simu, nikaenda hospitali. Mdogo wangu alikaa nje kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Ndani alikuwa dada wa vipimo, msichana mpole. Akanifunika jicho la kulia. Akaniambia niweke kidevu hapa, paji la uso pale, nitazame taa ya katikati bila kuhamisha jicho, na kila nikiona nukta ya mwanga popote nibonyeze kitufe.

"Ukiiona tu," akasema. "Usikisie."

Nukta zikaanza kuja. Juu, katikati, kulia. Nikabonyeza. Nyingine, nikabonyeza, na moyo ukaanza kunitulia, labda nilikuwa nimeogopa bure. Kisha zikakoma. Mashine haikukoma. Niliisikia ndani yake ikigeuka, krr, ikatulia, ikageuka tena, na mbele yangu palikuwa peupe pasipo kitu. Nikaelewa kwamba zinawaka. Zinawaka moja baada ya nyingine mahali ambapo mimi sina jicho. Kidole kilitaka kubonyeza. Ningeweza kubonyeza kwa kufuata ule mlio, hakuna ambaye angejua, ningetoka na majibu mazuri nikarudi dukani kwangu. Nilikuwa na hofu kuliko kule majini, maana hapa hapakuwa na mtumbwi.

Krr.

"Siioni," nikasema.

"Si lazima useme, mama," yule dada akaniambia. "Usipoiona, nyamaza tu."

Krr.

"Na hii siioni," nikasema kwa nguvu, ili mdogo wangu asikie huko nje kwenye benchi.